Kutoka gramu 1 hadi tufaha zima: shajara ya mzio wa Birke

2 Oktoba 2023: Ninapoanzia

Lengo langu ni kula tufaha bichi zima, na ganda lake, bila kuwashwa mdomo. Naishi Ravensburg, kusini mwa Ujerumani, si mbali na ziwa Bodensee, na huku ndiko kwenye mashamba ya matufaha. Msimu huu wa mavuno wakulima wanaweka kreti kando ya barabara na kopo la hela juu ya meza. Muuzaji hayupo: unachukua, unalipa, unaondoka. Mimi napita tu.

Nimekulia Tanga. Epo za Afrika Kusini na yale madogo ya Lushoto nimeyala tangu utotoni na hayakunifanya kitu. Nilipokuja huku kusomea kazi ya kutunza wazee, miaka ya mwanzo ilipita salama. Baadaye kila majira ya machipuko yakawa yananiletea macho mekundu na chafya zisizokwisha, kisha tufaha nalo likageuka. Nikiling'ata, kaakaa linawasha, midomo inatuna, na masikio yanawasha kwa ndani kabisa, mahali ambapo kidole hakifiki. Baada ya nusu saa hivi, kwisha. Wahamiaji wengi huku wanapitia haya. Mwili hukaa misimu kadhaa na chavua ngeni kabla ya kuanza kuikataa.

Chanzo ni Birke, mti wenye gome jeupe linalobanduka, ambao umejaa kwenye bustani na barabara za Ulaya ya kati na ya kaskazini. Chavua yake ina protini iitwayo Bet v 1. Tufaha lina protini ya ukoo huohuo, Mal d 1, yenye umbo linalofanana nayo mno, kiasi kwamba kingamwili zilizoandaliwa kwa ajili ya chavua zinaikamata na yenyewe. Ukoo huu umo pia kwenye cheri, pichi, peasi, karoti, seleri, kokwa za Haselnuss na soya. Protini hizi nyingi ni dhaifu: moto unazivunja, na asidi ya tumbo vilevile. Ndiyo maana keki ya matufaha haijawahi kunisumbua, na ndiyo maana kwa watu wengi shida huishia mdomoni.

Kwa wengine haiishii hapo, kwa hiyo nilianza na vipimo. Daktari wa mzio alichoma sindano kwenye tufaha bichi, kisha sindano hiyohiyo akaigusisha kwenye ngozi ya mkono wangu. Matone ya kupimia yanayotoka kiwandani hayaaminiki sana kwa tufaha, kwa sababu Mal d 1 huharibika wakati wa kuyatengeneza. Halafu damu. IgE, yaani kingamwili za mzio, ya Bet v 1 ilikuwa juu, ya Mal d 1 ilikuwepo, ya Mal d 3 haikuonekana. Jibu hilo la mwisho ndilo lililonifungulia mlango. Mal d 3 ni protini ya ukoo mwingine, hukaa zaidi kwenye ganda, inavumilia moto na tumbo, na mzio wake, unaoonekana zaidi nchi za Mediterania, unaweza kumwangusha mtu.

Kwa anayetaka kuiga: kama una mzio huo wa Mal d 3, au umewahi kubanwa pumzi, kuzirai au kutokwa na vipele mwili mzima baada ya kula tunda, au una pumu isiyotulia, shajara hii isome tu. Usiijaribu jikoni kwako. Mimi mwenyewe kila ngazi nimepanda kwa ruhusa ya daktari.

Njia tunayofuata inatokana na utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2012. Watu wazima 40 wenye mzio wa tufaha unaotokana na Birke waligawanywa: 27 wakala tufaha kidogo kidogo, kuanzia gramu 1 na kupanda hadi 128, na 13 hawakupewa tiba. Mwishoni 17 kati ya wale 27 waliweza kula gramu 128 au zaidi. Kati ya wale 13, hakuna hata mmoja.

Niliuliza kwa nini nisipewe tu tiba ya chavua yenyewe, sindano au vidonge vya chini ya ulimi. Jibu: hiyo ni nzuri kwa macho na pua, lakini kwa tufaha matokeo ya tafiti yametofautiana. Mimi shida ya pua naimudu kwa vidonge. Ninachotaka ni tunda.

16 Oktoba 2023: Gramu 1

Vifaa: mizani ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu (euro 14), kisu chembamba, daftari, na setirizini, vidonge vya mzio, ya euro chache kutoka duka la dawa. Daktari aliandika pia sindano ya adrenalini ya kujichoma mwenyewe. Bima ililipa, mimi nikachangia euro 10. Vipimo vyote vililipwa na bima.

Gramu 1 ya tufaha ni ndogo kuliko unavyofikiri, kama dadu la ludo. Nilikula cha kwanza nikiwa kliniki, nimekaa kwenye kiti na mashine ya presha mkononi. Nikatafuna taratibu, nikakiacha kidogo mdomoni, nikameza. Ulimi ukawasha upande mmoja, basi. Muuguzi alikuja kunikagua mara kwa mara, kisha nikaruhusiwa kwenda nyumbani na karatasi ya ngazi: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Dozi ni ya kila siku, na kila ngazi inakaliwa wiki mbili hadi tatu. Napanda tu ikiwa siku za mwisho za ngazi mdomo umetulia, au umewasha kidogo sana na kuacha wenyewe.

Masharti mengine: nile baada ya mlo, kamwe tumbo likiwa tupu. Saa mbili zinazofuata hakuna mazoezi, hakuna kuoga maji ya moto, hakuna bia, hakuna ibuprofeni. Vitu hivyo hushusha kiwango ambacho mwili unavumilia.

Aina ya tufaha ni Golden Delicious, ambalo ni kali kwa watu wa mzio huu lakini linapatikana mwaka mzima. Watafiti wa Innsbruck na Bolzano walipita njia nyingine inayonivutia zaidi: walianza na tufaha lenye nyama nyekundu ambalo ni laini kwa mzio, wakaenda Pink Lady, wakamalizia na Golden Delicious. Matufaha ya nyama nyekundu sikuyapata karibu na hapa, kwa hiyo tumeanza na kali lakini kwa kipande kidogo.

Nilipomsimulia mama kwa simu alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, umevuka bahari yote hiyo ukafundishwe kula epo?"

27 Novemba 2023: Gramu 4, na utulivu wa uongo

Gramu 1 na gramu 2 zilipita bila habari. Habari imeanzia kwenye 4.

Nikiwa zamu ya mchana nilikuwa napima kipande asubuhi nyumbani, nakiweka kwenye kikopo, nakila kazini baada ya chakula. Hakikuwasha hata kidogo. Nikaandika "kimya" siku baada ya siku na kujiona nimefika. Siku ya mapumziko nikala gramu zilezile nyumbani, zimekatwa papo hapo, na kaakaa likawaka. Nikadhani ni bahati mbaya. Siku ya mapumziko iliyofuata, vilevile.

Daktari alipolisoma daftari aliuliza swali moja: kile kipande cha kazini kilikuwa na rangi gani wakati wa kukila? Cha kahawia, bila shaka. Saa nne ndani ya kikopo. Basi hapo ndipo penye jibu. Tufaha likikatwa, kemikali zake ziitwazo polifenoli hukutana na hewa na vimeng'enya, zikawa kahawia, na katika mchakato huo hujishika na Mal d 1 na kuifanya isitambulike vizuri na kingamwili. Kwenye kikopo nilikuwa nakula dozi dhaifu na kuiandika kuwa kamili.

Kuanzia sasa tufaha zima linakuja kazini pamoja na mizani na kisu, na linakatwa dakika ileile ya kuliwa. Wenzangu wa zamu wamezoea kuniona chumba cha chai nikipima tunda. Gramu 4 nimeianza upya.

Kwa sababu hiyohiyo juisi ya pakiti na rojo la chupa havihesabiki kama dozi. Vimepitishwa kwenye moto. Havikuwashi, na kwa hiyo havikuambii uko ngazi gani.

14 Desemba 2023: Gramu 8, imeshindikana

Siku za kwanza za gramu 8 zilikuwa nzuri. Kisha matufaha yaliisha, nikanunua mfuko wa Golden Delicious kwenye supamaketi nyingine, aina ileile, bei nafuu. Jioni hiyo gramu 8 zilezile zilivimbisha mdomo wa chini na sauti ikaanza kukwaruza. Sauti kukwaruza ni dalili nisiyoichezea. Nikameza setirizini, nikamwita jirani akae nami, sindano ikiwa mezani. Ndani ya saa moja ilitulia. Kesho yake nikapiga simu kliniki: rudi gramu 4, usipande mpaka tuonane.

Mizani haikudanganya, gramu zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kilichomo ndani ya gramu. Kiasi cha Mal d 1 hutofautiana kati ya aina na aina, kati ya mti na mti, na huongezeka tufaha likikaa ghalani. Kwenye maghala makubwa wanayofunga na kupunguza oksijeni, ongezeko hilo huwa la polepole. Kwenye baridi ya kawaida huwa kubwa zaidi. Mfuko wangu wa bei nafuu sikuweza kujua umelala wapi na kwa muda gani.

Nilienda kwa mkulima mmoja nje ya mji, mzee anayeuza shambani kwake. Nilitegemea atanicheka. Badala yake alinipeleka nyuma na kunionyesha mlango wa ghala, wenye mpira pembeni kama wa jokofu na kidirisha kidogo, akanieleza ni vyumba vipi amekwisha kuvifungua na vipi bado. Wateja wa aina yangu anao. Wengi wanamuulizia Boskoop na aina nyingine za zamani, ambazo wenye mzio huu mara nyingi huzivumilia. Kwa ajili ya ngazi zangu nimebaki na Golden, lakini sasa inatoka chumba kimoja, na akifungua kipya ananiambia.

Kanuni mpya, na kama utaiga kitu kimoja tu kutoka humu iga hiki: kila mzigo mpya wa matufaha, siku ya kwanza kula nusu ya dozi, hata kama jana ulikula kamili bila shida.

Gharama: kwa mkulima kilo ni ghali kidogo kuliko supamaketi, lakini dozi za sasa ni ndogo mno kuhisi tofauti. Ninachokula zaidi ni mabaki. Mabaki ya tufaha la gramu 180 ukitoa gramu 8 ni mengi, na yote yanaishia kwenye sufuria na mdalasini.

29 Januari 2024: Gramu 16, na Hasel imeanza

Gramu 8 ilipita kwa amani baada ya kubadilisha chanzo. Gramu 16 imeanza vizuri, kisha wiki hii mwasho umerudi bila mimi kubadilisha chochote.

Nje kuna theluji kidogo bado, na sikufikiria chavua kabisa. Lakini miti ya Hasel (ile yenye kokwa za Haselnuss) na Erle hutoa chavua mapema, Januari na Februari, na zote mbili ni ndugu wa Birke, na chavua zao zina protini za ukoo wa Bet v 1. Idara ya hali ya hewa ya Ujerumani hutoa kila siku fahirisi ya chavua kwa mimea minane, kuanzia 0 hadi 3. Nimeanza kuiandika kwenye daftari pembeni ya dozi, na picha ikajionyesha: siku za Hasel kufika 2, mdomo unalalamika.

Uamuzi: nabaki gramu 16. Sipandi, sishuki.

Zamu za usiku nazo zimenipa shida yake. Dozi ya jioni kabla ya zamu inaniachia haraka ya kukimbilia basi, na dozi ya asubuhi baada ya zamu inaniacha nikilala peke yangu muda mfupi baada ya kula. Daktari hataki nilale ndani ya zile saa mbili. Nimeihamishia katikati ya zamu, wakati wa chakula cha usiku, mwenzangu wa zamu akijua sindano iko mfuko gani.

19 Februari 2024: Mafua

Homa, koo, kitanda. Wakati wa homa hakuna dozi. Nilipopona nikarudi ngazi moja nyuma, gramu 8, kisha 16 baada ya siku chache. Sheria niliyopewa: ukikosa siku moja au mbili endelea, ukikosa zaidi ya hapo rudi nyuma na uulize.

8 Aprili 2024: Birke imefunguka

Mwaka huu imewahi. Magari yote ya mtaani yana vumbi la njano kwenye vioo, na fahirisi ya Birke iko 3.

Tulikuwa tumekwisha kukubaliana kushuka hadi gramu 8 msimu ukianza, na nilishuka. Hata hivyo Jumamosi iliyopita nilipata tukio baya kuliko yote mpaka sasa. Nilikula gramu zangu 8 baada ya chakula cha mchana, kimya kabisa, nikajipumzisha. Saa moja na ushee baadaye dada mmoja Mkenya niliyesoma naye kozi akanipigia tupande baiskeli hadi Veitsburg, ile ngome iliyo juu ya mji. Si mbali, lakini ni mlima. Katikati ya kupanda, viganja vikaanza kuwasha, kisha shingo ikajaa vipele, kifua kikabana kidogo. Tukashuka kwenye baiskeli, nikakaa ukingoni mwa njia, yeye akashika simu na sindano akinitazama usoni. Nilimeza setirizini. Kifua kilifunguka kabla hatujaamua kuchoma, na tukaenda moja kwa moja kliniki ya dharura, ambako walinishikilia hadi usiku.

Daktari wa mzio alivyolieleza: mazoezi huongeza kiasi cha protini inayopenya kutoka utumbo kwenda kwenye damu, na siku yenye chavua nyingi mwili tayari uko macho. Kimoja kimoja pengine nisingehisi. Kwa pamoja, gramu 8 zikafanya ambacho gramu 16 hazijawahi kufanya.

Mabadiliko: msimu wa Birke dozi ni gramu 4, baada ya chakula cha usiku, na nikishaila sitoki tena, hata kama saa mbili zimeisha. Na kama sindano iko mkononi na kifua kinabana, daktari alisema waziwazi: choma, kisha piga simu. Kusubiri kuona kama kitafunguka ni kucheza kamari.

Kazini kuna mwenzangu aliyenihurumia akaniletea unga wa protini ya soya wa kunywa, ati unajenga kinga. Nilimrudishia kwa shukrani. Soya ina protini ya ukoo huu, Gly m 4, na kinywaji hushuka kwa wingi na kwa kasi kabla mdomo haujatoa onyo. Wenye mzio wa Birke wamewahi kupata madhara makali kwa glasi moja ya vinywaji vya namna hiyo. Tofu iliyopikwa na mchuzi wa soya ni habari nyingine, lakini huo unga hapana.

10 Juni 2024: Gramu 32

Birke imekwisha. Nilipanda tena kutoka 4, haraka zaidi kuliko mara ya kwanza, na 32 sasa imezoeleka. Chavua ya nyasi haina uhusiano na shida yangu, kwa hiyo kiangazi kiko wazi.

Tatizo la msimu huu ni upatikanaji. Ghala la mkulima wangu limebaki na mazao ya vuli iliyopita, na madukani yamejaa matufaha ya Chile, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Kila mfuko ni mzigo mpya, kwa hiyo ile kanuni ya nusu dozi inafanya kazi kweli sasa. Mifuko miwili imeniwasha kwa nusu dozi; hiyo niliipika yote.

2 Septemba 2024: Gramu 128

Gramu 64 zilipita Julai na Agosti bila tukio la kuandika. Leo kliniki, nikiwa nimeacha setirizini siku kadhaa kabla ili isifiche dalili, nilikula gramu 128 kwa hatua, na kungojea katikati. Mwasho hafifu kwenye ulimi, ukaisha. Baada ya saa mbili za uangalizi daktari akafunga faili na kunipa mkono.

Ganda tuliliacha nje tangu mwanzo ili kitu kimoja kipimwe kwa wakati mmoja. Sasa nimeliongeza taratibu. Linawasha zaidi ya nyama, hilo nalihisi wazi, lakini linavumilika.

Nimejaribu aina nyingine, kipande kwa kipande. Boskoop: hakuna kitu, na uchachu wake ndio ladha niliyokuwa naikosa. Santana, aina iliyozalishwa Uholanzi ambayo imejulikana kwa kuvumiliwa na wenye mzio: kimya pia. Braeburn: midomo ilituna kidogo, nikaacha. Kwa hiyo hata baada ya kufika 128 za Golden, sisemi "nakula matufaha". Nasema ninayoyala.

11 Novemba 2024: Baada ya Tanga

Oktoba nilikwenda nyumbani. Epo zilikuwepo sokoni, za Afrika Kusini, zimepangwa kwa mafungu na zimeng'arishwa. Ningeweza kuendelea. Lakini mbele ya mafenesi na machungwa ya Muheza, na baada ya mwaka mzima wa kupima tunda kwa gramu, sikutaka kuiona epo. Nikaacha.

Niliporudi Ravensburg nikakata nusu ya Golden Delicious. Mdomo ulianza kuwasha kabla sijamaliza kutafuna kipande cha pili, na baada ya dakika chache midomo ikatuna kama enzi zile.

Hili lilikuwa limeandikwa. Katika ule utafiti wa Uswisi, vipimo vya damu vya waliofaulu havikuonyesha mabadiliko ya maana, na walioacha kula tufaha mzio uliwarudia. Watafiti wenyewe walihitimisha kwamba uvumilivu huo ni wa muda. Nilikuwa nimeisoma sehemu hiyo mwanzoni na kuipa uzito mdogo, kwa kuwa wakati huo gramu 1 ilikuwa ndiyo shida yangu.

Tumeanza tena gramu 4, na kila ngazi sasa inakaliwa wiki moja badala ya mbili hadi tatu. Nafuu ni kwamba inapanda upesi.

3 Machi 2025: Hali ilivyo

Nilirudi 128 kabla ya Krismasi. Dozi ya kudumu ni nusu ya tufaha la wastani kila siku, na nikisafiri nanunua la huko huko, nakula, hata bila hamu. Hasel mwaka huu imenisumbua puani tu.

Gharama kwa ujumla: mizani euro 14, mchango wa sindano ya adrenalini euro 10, na nyingine tena kwa sababu ya kwanza iliisha muda, setirizini, pakiti kadhaa za bei ndogo. Matufaha ndiyo yaliyokula hela kuliko vyote, hasa kuanzia gramu 64, na bado ni fedha ambayo mtu angetumia kwa matunda hata hivyo. Gharama kubwa ni ratiba. Chakula, zamu, baiskeli, bia ya harusi ya mtu, vyote vinapangwa kuzunguka saa mbili za kila siku, na kama ningekuwa na watoto wadogo sijui ningeziweka wapi.

Matunda mengine hayakufuata. Cheri bado zinawasha kama zamani. Karoti mbichi naona imepoa kidogo, lakini sikuipima kwa utaratibu, kwa hiyo msiichukue kama matokeo. Haselnuss sijaigusa na sina mpango.

Yule dada Mkenya wa baiskeli ana mzio wa seleri na alitaka kupanda ngazi kama zangu. Daktari wake alimkatalia. Seleri huku hufichwa kwenye supu na viungo vya unga, inaweza kumuathiri mtu hata ikiwa imepikwa, na madhara yake mara nyingi ni makali kuliko ya tufaha. Yeye anasoma vibandiko vya pakiti na amebeba sindano. Ngazi hizi ni za tufaha, kwa mtu mwenye vipimo kama vyangu.

Mwezi huu fahirisi ya Birke ikifika 2 nitashuka hadi gramu 16 badala ya 4, kwa majaribio, na kliniki imekubali. Dozi itakuwa usiku, baiskeli itakaa chini. Matokeo nitayaandika Juni.